Damu Imekwenda Wapi?

Barua za mwezi huu, karibu zote, zina kilio kimoja: uchovu usiokwisha. Sisemi uchovu wa mchukuzi aliyeshinda akipakua magunia Kongowea. Huyo akila, akaoga, akalala, asubuhi yuko sawa. Hawa wanaoniandikia hulala wamechoka na kuamka wamechoka, na wengi ni watu wa miaka arobaini hadi hamsini na kitu ambao nyumbani wameshaambiwa "ni umri huo." Nimetoa barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe amenipa kila nilichohitaji, hata karatasi ya maabara ameipiga picha. Wako wanaoandika "Daktari nimechoka, nipe dawa," wakakomea hapo. Hao nadhani wanataka nipige ramli.

*Bi Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka 47, nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo. Huamka saa tisa za usiku kukanda unga, na kazi hii si mpya kwangu, naifanya tangu kifungua mimba wangu yuko mgongoni. Lakini tangu Idi Kubwa iliyopita mimi si yule. Nyumba yetu iko orofa ya tatu. Sasa nikipanda ngazi lazima niketi katikati, moyo wanigonga hadi masikioni. Kichwa chaniuma, nywele zakatika. Nimekwenda kliniki moja ya mtaani zaidi ya mara moja, kila nikipimwa naambiwa ni taifodi, nachomwa sindano, natundikiwa maji. Siku mbili nikapata nafuu, kisha nikarudi palepale. Wifi yangu asema ni husuda, nisomewe. Babake watoto asema ni uzee. Mwisho nikaenda hospitali ya serikali, daktari kijana akaniandikia kipimo cha damu, karatasi hiyo hapo. Nimeambiwa damu yangu kidogo, nikapewa vidonge. Nivimeze mpaka lini? Na bitiruti yatosha kuongeza damu? Kuna jambo naona haya kulisema: napenda kutafuna barafu. Nanunua ile ya wauza juisi, naitafuna mchana kutwa. Na siku zangu za mwezi zimebadilika, lakini hilo nadhani ni umri.* – Muuza mahamri, Majengo

Marahaba, mwanangu. Hilo uliloonea haya ndilo lililonifungulia mlango. Hamu ya kutafuna barafu ni dalili inayojulikana ya mwili uliopungukiwa na madini ya chuma. Wengine hamu yao huangukia udongo, wengine mchele mbichi. Usijicheke wala usikubali kuchekwa. Chuma kikianza kurudi, hamu hiyo huondoka yenyewe, mara nyingi kabla damu haijafika kiwango chake, na utakapojikuta unampita muuza barafu bila kumtazama, jua dawa inafanya kazi.

Sasa karatasi yako. Hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, ni 8.1. Kwa mwanamke asiye na mimba, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa damu imepungua ikiwa chini ya 12, na chini ya 8 huitwa upungufu mkali. Wewe uko ukingoni. Yaani kila siku umekuwa ukikanda unga, ukikaanga na kupanda orofa tatu kwa theluthi mbili tu ya hemoglobini ile ya chini kabisa uliyostahili kuwa nayo. Moyo unakwenda mbio kwa sababu lazima uizungushe hiyo iliyopo haraka zaidi. Uzee hauna mkono hapo, na babake watoto umsomee sentensi hii kwa sauti.

Mstari wa pili nilioutazama ni ule ulioandikwa MCV: 66. Huo ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu, na kawaida yake ni kati ya 80 na 100. Zako ni ndogo. Chembe zikiwa ndogo hivyo, sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni upungufu wa chuma. Ya pili ni hali ya kurithi iitwayo thalasemia, ambayo hapa Pwani tunayo kwa wingi kwa kuwa kwa karne nyingi iliwakinga waliokuwa nayo wasiuawe na malaria. Mwenye aina nyepesi ya thalasemia huishi nayo bila kujua, wala haimshushi mtu hadi 8.1 peke yake, lakini yaweza kuwapo pamoja na upungufu wa chuma na kumchanganya anayesoma karatasi. Kuna njia rahisi ya kuanzia: toa kijitabu chako cha kliniki ya wajawazito, cha mtoto wa mwisho, utazame damu yako ilikuwa ngapi. Kama zamani ilikuwa 12 au karibu na hapo, jambo hili ni geni kwako na chuma ndicho mshukiwa. Kisha omba kipimo cha ferritini, yaani akiba ya chuma. Chini ya 15 maana yake hakuna kitu ghalani, na madaktari wengi hutibu hata ikiwa chini ya 30. Usipime ukiwa na homa au kidonda kinachotunga usaha, kwa sababu ugonjwa huipandisha ferritini ikaonekana nzuri hali si nzuri.

Hiyo taifodi yako nayo siiamini hata kidogo. Kipimo kinachotumiwa sana mitaani, cha Widal, hutafuta kinga ambayo mwili uliwahi kuitengeneza. Kinga hiyo yaweza kuwa ya ugonjwa uliopita zamani, ya chanjo, au ya vijidudu vingine kabisa. Ndiyo maana ukimpima mtu yeyote aliyekulia mji wenye maji ya mashaka, kipimo kinaweza kusema "ndiyo." Taifodi ya kweli huja na homa inayopanda na kudumu, na hujulikana kwa kuotesha damu maabara. Uchovu wa miezi usio na homa, unaopona siku mbili na kurudi, hauwezi kuwa taifodi kila unapoingia mlangoni. Lakini jawabu hilo ni rahisi kulitoa na lina sindano za kuuza.

Na maji? Chupa ya nusu lita ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Hivyo ni vijiko sita vya chai. Uliketi kitini, ukapumzika saa nzima au zaidi bila kukanda unga, ukapewa vijiko sita vya sukari kwa mshipa. Ilikuwa lazima uhisi nafuu. Wenye kuharisha, kutapika au kushindwa kunywa ndio wanaoweza kuhitaji maji ya mshipa. Ukiwa na kiu, chungu cha maji kiko nyumbani.

Kinachonishughulisha ni hiki, na ningependa wote mnaosoma mtulie hapa. Kuambiwa "una upungufu wa damu" hakujamaliza kitu. Damu imekwenda wapi? Kumpa mtu vidonge bila kuuliza swali hilo ni kujaza tangi la maji juu ya dari huku bomba la chini linavuja: litajaa mchana, asubuhi utalikuta tupu. Chuma hakipotei mwilini hivi hivi. Huondoka na damu, au hakiingii vya kutosha, au tumbo linashindwa kukichukua. Kwa mwanamke wa miaka 47 naanza na la kwanza.

Wewe umeandika "siku zangu zimebadilika" ukapita haraka. Nikurudishe nyuma. Je, hubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili? Huvaa mbili pamoja? Hulala juu ya kitambaa au mpira ukiogopa kuchafua godoro? Hutoka madonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini? Hupita siku saba? Ukijibu ndiyo kwa mawili ya hayo, basi hapo ndipo damu inapokwenda. Wanawake wetu wamefundishwa kuvumilia jambo hili kimya, na nimeona wengi wodini wakiongezewa damu kwa hedhi waliyokuwa wakiita "nzito kidogo." Kweli, hedhi hubadilika inapokaribia kukoma, na kwa wengi hukoma karibu na miaka 51. Lakini kubadilika ni jambo moja, na kumwagika hadi ukakaa kwenye ngazi ni jambo jingine.

Uende kliniki ya kina mama ufanyiwe skani ya kizazi. Mara nyingi huonekana uvimbe, faibroidi kama mnavyouita, ambao si saratani na kwetu sisi wanawake wa Kiafrika ni wa kawaida sana. Wakati mwingine ni homoni zimekosa mpangilio na hakuna uvimbe wowote. Lakini ukipita miaka 45 na hedhi imebadilika, daktari pengine atataka pia kuchukua kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya kizazi kikaangaliwe, na mlango wa kizazi upimwe, ili saratani iondolewe mezani. Usikimbie. Kisha matibabu ni mengi: vidonge vya kupunguza damu ya hedhi vinavyomezwa siku za hedhi tu, koili yenye homoni ambayo kwa wengi hupunguza hedhi hadi ikawa matone, upasuaji kwa wanaouhitaji. Mtu akikuambia mara ya kwanza tu "twatoa kizazi," uliza njia nyingine ni zipi.

Nina maswali mengine mawili. Hicho kichwa kinachouma, unakimezea nini? Diclofenac na ibuprofen zikimezwa kila siku hutoboa tumbo polepole, na kidonda kikavuja damu bila maumivu makubwa. Choo kikiwa cheusi cha kunata na chenye uvundo mbaya, hiyo ni damu. Vidonge vya chuma navyo hufanya choo kuwa cheusi, ila hakinati na hakina uvundo huo, kwa hivyo usishtuke ovyo. La pili, huenda shambani peku? Safura bado zipo Pwani yetu. Minyoo hiyo huingia kwa ngozi ya miguu na kwenda kunyonya damu tumboni. Albendazole ya miligramu 400 ni ya bei ndogo, na katika hali yako sioni ubaya kuimeza, bora tu uwe na hakika huna mimba.

Sasa vidonge. Umeniuliza mpaka lini: mpaka damu ifike 12, kisha miezi mitatu zaidi ili ghala lijae. Wengi huacha wiki ya tatu wakijisikia vizuri. Kidonge kimoja kwa siku chatosha, na kama tumbo linakusumbua meza siku moja, ruka moja. Kumeza vitatu kwa siku hakuleti faida mara tatu, huleta kufunga choo tu. Na hapa nakujua: alfajiri mahamri yakitoka karaini, unaonja moja kwa chai ya maziwa na kidonge humo humo. Umekitupa. Chai hukishika chuma kisiingie mwilini, na maziwa nayo huzuia. Meza kidonge kwa maji uliyokamulia ndimu, tumbo likiwa halina kitu, kisha chai isubiri angalau saa moja. Hata chai ya baada ya chakula cha mchana isogeze mbele.

Bitiruti ni nyekundu, basi. Chuma chake ni kidogo. Maini, nyama nyekundu na dagaa ndivyo vyenye chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi. Mbaazi zako na mchicha vinacho pia, ila kinaingia kwa shida, ndimu ikakisaidia. Lakini kwa 8.1 chakula peke yake hakitakufikisha. Baada ya mwezi rudi upimwe tena; hemoglobini inatakiwa iwe imepanda kwa 1 au zaidi. Ikiwa umemeza kama nilivyosema na haijapanda, ama unavuja kuliko unavyojaza, ama tatizo si chuma, na daktari arudi mwanzo. Vidonge viweke juu, mbali na watoto. Vinafanana na peremende, na mtoto akila kiganja kimoja anaweza kufa.

Kusomewa, somewa, Kurani haijawahi kumdhuru mtu. Ila skani usiiahirishe kwa ajili hiyo. Na siku ukishindwa kupumua hali umeketi, ukapata maumivu ya kifua, ukazirai, au ukajaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, usiningoje mimi wala wifi. Nenda hospitali, pale Makadara, siku hiyo hiyo.

*Daktari, salaam aleikum. Nina miaka 53, dereva wa trela, napakia bandarini naenda hadi Malaba. Nikirudi kwangu Changamwe nalala kwa muda wa saa nane, hata tisa, na bado naamka kichwa kizito na mdomo mkavu. Mke wangu amehamia chumba cha watoto kwa kukoroma kwangu. Asema kuna wakati nanyamaza kabisa, halafu nashtuka kwa kishindo kana kwamba nilikuwa nimekabwa koo. Mwezi uliopita nilisinzia nikikaribia mizani ya Mariakani, taniboi akanipigia ukelele. Njiani natafuna muguka. Natumia dawa ya presha. Nipe jina la toniki nzuri.* – Dereva, Changamwe

Waaleikum salaam, kakangu. Toniki sikupi. Kwanza usishike usukani unapohisi macho mazito, hata kama tajiri anapiga simu.

Mke wako ameshakupima bila kujua, na nakuomba uende naye kwa daktari kwa sababu wewe hayo hukuyaona, ulikuwa umelala. Alichokieleza ni pumzi kukatika usingizini. Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unakuamsha nusu ili uvute pumzi, kisha unarudi kulala. Inaweza kutokea mara nyingi kwa saa moja. Kwa saa ya ukutani umelala muda wa saa nane. Kwa mwili wako hukulala. Hali hii pia hupandisha presha na kuifanya iwe sugu kwa dawa. Jipime shingo kwa utepe wa fundi cherehani: ikizidi sentimita 40, hatari yako ni kubwa zaidi.

Kuna maswali ambayo daktari atakuuliza, yanaitwa kipimo cha Epworth, yalitungwa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Ni hali nane: ukisoma umeketi, ukitazama televisheni, ukiwa abiria garini kwa saa nzima, ukiwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni, na kadhalika. Kila moja unajipa alama kutoka 0 hadi 3 kwa kadiri unavyoweza kusinzia. Zikizidi 10 kwa jumla, usingizi wako wa mchana umepita kiasi. Mwenye kusinzia akielekea mizani, hata sihitaji kujumlisha.

Kipimo cha usiku kucha hakipatikani kila hospitali na mashine ya kusukuma hewa ni ghali, sitakudanganya. Wewe mwajiriwa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali, basi nenda kaulize inagharamia nini kabla hujatoa mfukoni. Anzia kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huku ukisubiri, lala ubavu, si chali. Punguza uzito, aliye mnene akipunguza sehemu moja ya kumi ya uzito wake huona tofauti. Acha pombe, dawa za usingizi, na piritoni za mafua unazomeza kiholela, kwa sababu zote huzidi kuilegeza koo au kukutia usingizi.

Muguka sitakuhubiria. Kaunti ya Mombasa iliipiga marufuku mwaka 2024 na mambo yakaishia mahakamani. Hayo ni ya wanasheria. Nisemalo mimi ni kuwa majani hayo hayakuondolei usingizi, yanauficha. Deni linabaki, na unapofika nyumbani yanakunyima hata ule usingizi kidogo ambao ungeupata.

Kisha tazama jina kwenye boksi la dawa ya presha. Kama ni atenolol au propranolol, zinaweza kuchangia uchovu. Mwambie daktari akubadilishie, ila usiache kwa ghafla maana moyo unaweza kukugeuka. Na upimwe sukari: kabla ya kula, 7.0 au zaidi kwa vipimo viwili ni kisukari, au kile cha miezi mitatu kikifika asilimia 6.5. Unaamka kukojoa usiku mara ngapi? Hukuniambia. Sukari hufanya hivyo, na pumzi inayokatika nayo hufanya hivyo.

Najua unachoogopa: tajiri akijua utafukuzwa. Dereva aliyetibiwa anarudi barabarani. Asiyetibiwa ndiye ninayemwogopea, yeye na matatu ya abiria kumi na wanne inayokuja mbele yake.

*Bi Daktari, mimi ni mwalimu, nina miaka 50, naishi Kisauni. Nina kisukari miaka mingi, namtunza mamangu aliyepata kiharusi, usiku lazima nimgeuze. Nimechoka hadi kusahihisha madaftari ni mlima. Nimelipia vipimo vingi kwenye maabara ya kibinafsi nikaambiwa vyote viko sawa. Basi nina nini?* – Mwalimu, Kisauni

Mwalimu, "vyote" ni vipi? Watu huuziwa vifurushi vya vipimo thelathini, kumi vikiwa havina maana, na kile kimoja kilichohitajika hakimo. Niandikie majina.

Kwako wewe ningetazama kwanza kama vitamini B12 ilipimwa. Ikiwa unameza metformin kwa miaka mingi, dawa hiyo hupunguza B12, na dalili zake ni uchovu, ulimi kuwasha, na ganzi miguuni ambayo huwa tunaisingizia sukari. Halafu thairoidi, tezi iliyo shingoni, kwa kipimo cha TSH. Tezi hiyo ikilegea mtu hunenepa bila kula zaidi, choo hufunga, ngozi hukauka, na huhisi baridi. Ukijikuta unatafuta sweta Mombasa mwezi wa Februari, kaskazi imechachamaa na wenzako wanajipepea, usingoje. Figo zako pia, kwa sababu ya kisukari. Na kipimo cha virusi vya Ukimwi, ambacho watu wa miaka hamsini hawaulizwi kwa adabu, na adabu hiyo imewachelewesha wengi. Una kikohozi cha zaidi ya wiki mbili? Unatoka jasho usiku hadi shuka linalowa, ama nguo zinakupwaya? Kifua kikuu hakijahama mji huu.

Vikitoka vyote safi, nina maswali mawili ya mwisho. Wiki mbili zilizopita, umekosa raha na hamu ya mambo uliyoyapenda? Umejiona huna tumaini? Sonona huvaa nguo za uchovu mara nyingi sana, hasa kwa wanaouguza. Ina tiba, ya mazungumzo na ya vidonge, na ikikufikisha kuwaza kujidhuru, usilale na wazo hilo, nenda hospitali usiku huo huo. Lakini hata kabla ya hapo: mtu anayeamka kila saa kadhaa kumgeuza mgonjwa hawezi kuwa hajachoka. Ndugu zako wangapi? Andikeni zamu ukutani, usiku wa nani ni upi. Kaka zako wanaume nao wana mikono.

*Je, ni kweli wavaa buibui hupungukiwa na vitamini D, na jua lote hili?* – Msomaji, Mji wa Kale

Inawezekana, ndiyo. Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi iliyopigwa na jua, na jua la barabarani halipenyi kitambaa cheusi, wala halifiki kwenye vichochoro vyetu vya Kibokoni. Hata wanawake wa nchi za Ghuba wanayo shida hiyo. Ila upungufu wake huleta zaidi maumivu ya mifupa na misuli ya mapaja kukosa nguvu, kama kushindwa kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Kama huna dalili hizo, usianze na kipimo hicho, ni ghali. Pima kwanza damu, sukari na thairoidi. Na nyumba zetu za zamani zina ua au paa: keti hapo mikono na miguu wazi robo saa, siku kadhaa kwa wiki. Mwenye ngozi nyeusi zaidi akae zaidi.